Pungufu, Kisha Tele: Rekodi za Oksijeni Ndani ya Saratani ya Matiti

Mwezi Mei 2007, wapandaji wanne wa msafara wa kitabibu kutoka Uingereza walisimama mita 8,400 juu ya usawa wa bahari, wakiteremka kutoka kilele cha Everest, wakafungua nguo kwenye baridi ile na kuchomwa sindano kwenye ateri ya paja. Msherpa alipokea sampuli na kushuka nazo mbio hadi kambi ya mita 6,400, kulikokuwa na mashine ya kupimia. Wastani wa oksijeni katika damu yao ulikuwa milimita 24.6 za zebaki. Mmoja wao alikuwa na 19.1. Mtu mwenye afya aliyekaa Mombasa akipunga upepo wa bahari huwa na 95 hivi. Vipimo hivyo vilichapishwa 2009, na vimo miongoni mwa vya chini kabisa kuwahi kuandikwa kwa binadamu.

Ndani ya saratani ya matiti, uhaba wa namna hiyo ni jambo la kila siku. Mjini Mainz, Ujerumani, Peter Vaupel na wenzake walichoma uvimbe wa wagonjwa kwa elektrodi nyembamba iliyosogezwa hatua kwa hatua, wakasoma oksijeni kila ilipotua. Titi lenye afya lilitoa kipimo cha kati cha milimita 65. Titi lenye saratani: 10. Kulinganisha damu ya ateri na tishu si haki kabisa, maana tishu daima huwa chini ya damu inayoilisha. Lakini 65 na 10 ni tishu kwa tishu, titi kwa titi, na mwenye titi hilo huenda hajawahi kupanda hata kilima.

Rekodi zinazofuata zote ni za oksijeni na saratani: ya chini kabisa, ya haraka kabisa, iliyochelewa kabisa, iliyoangusha watu kabisa. Nimezikusanya kwa sababu zikisomwa pamoja zinaonyesha jambo ambalo maelezo mengi ya saratani hulipita. Seli yenye oksijeni tele haina haraka ya kuondoka ilipo. Iliyokosa kabisa hufa. Inayotia hofu zaidi ni ile iliyokosa, ikanusurika, kisha ikapata tena.

Umbali mfupi kati ya uhai na kifo

Mwaka 1955 Waingereza wawili, R. H. Thomlinson na L. H. Gray, walichungulia kwa hadubini vipande vya saratani ya mapafu vya wagonjwa na kuona mpangilio uliojirudia kila walipotazama. Palipokuwa na mishipa ya damu jirani, seli zilikuwa hai. Kadiri walivyokwenda mbali na mishipa, hali ilizidi kuwa mbaya, na baada ya mikroni 150 hadi 200 hivi palikuwa na mabaki ya seli zilizokufa. Hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya milimita. Oksijeni haifiki mbali zaidi kwa sababu kila seli njiani inachukua sehemu yake, na za mwisho hazipati kitu.

Seli za kuangaliwa ni zile zilizo ukingoni, kati ya waliokula na waliokufa. Ziko hai, zina njaa, na mionzi haiziui kirahisi. Oksijeni ndiyo hufanya jeraha la mionzi kwenye DNA liwe la kudumu. Seli isiyo nayo huhitaji dozi kubwa mara 2.5 hadi 3 ili ife kama jirani yake. Daktari Schwarz wa Vienna alilikaribia jambo hili mapema sana, mwaka 1909, alipoona kwamba ngozi iliyobanwa mpaka damu ikapungua haiungui sana kwa mionzi ya radiamu. Ilichukua karibu nusu karne kwa wenye uvimbe kuanza kunufaika na wazo hilo.

Gray alifariki 1965. Tangu 1975 jina lake ndilo kipimo cha dozi, kwa hiyo mama anayepangiwa mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, anaandikiwa grei kadhaa: jina la mtu aliyetumia miaka akitafuta kwa nini dozi ile ile haizipigi seli zote kwa nguvu moja.

Maisha mafupi kupita kiasi

Karibu kila seli ya mwili wako, hivi sasa, inatengeneza protini iitwayo HIF-1 alfa na kuivunja papo hapo. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, nusu ya protini hiyo hutoweka ndani ya dakika 5 au pungufu. Protini zenye umri mfupi namna hiyo ni za kuhesabu. Kwa kutazama juu juu ni ubadhirifu mtupu. Lakini oksijeni ikikatika, uvunjaji husimama, protini inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kwa mamia. Seli ambayo ingengoja hatari ifike ndipo ianze kuitengeneza ingekuwa imechelewa.

Gregg Semenza na Guang Wang wa Johns Hopkins, Baltimore, waliieleza mwaka 1992, tena bila kuitafuta saratani. Swali lao lilikuwa la figo: hujuaje kuongeza homoni ya erithropoietini, ile inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu, pale oksijeni inapopungua? William Kaelin wa Boston alifika hapo hapo kupitia ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau, ambao wenye nao huota vivimbe vilivyojaa mishipa ya damu. Peter Ratcliffe wa Oxford, daktari wa figo, alikuja kwa njia yake. Aprili 2001 makundi ya Kaelin na Ratcliffe yalichapisha katika toleo moja la jarida la Science jibu lile lile: oksijeni hutumika kubandika alama ya kemikali kwenye HIF, na alama hiyo ndiyo amri ya kuivunja. Pasipo oksijeni hakuna alama, na pasipo alama protini inabaki. Semenza, Kaelin na Ratcliffe waligawana Nobeli ya tiba ya 2019.

Saratani haikubuni chombo chake. Inatumia kile kile kinachomsaidia mkazi wa milimani kuongeza damu na kidonda kupata mishipa mipya. Amri zinazotolewa ni zile zile: vuta mishipa, kula sukari zaidi, toa asidi nje, legeza kinachokushika, sogea. Kwa kidonda amri hizo hudumu siku chache. Kwa uvimbe hazikomi.

Si saratani zote za matiti zinazoziwasha kwa kiwango kimoja. Uchambuzi mkubwa wa jeni kutoka Marekani, uliochapishwa 2012, uliliona kundi moja likiongoza kwa dalili za HIF kufanya kazi kwa nguvu, nalo ni lile ambalo sehemu kubwa ya saratani zake hazina vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2. Ndilo lenye dawa chache za kulilenga. Ndilo pia linalowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, kuliko wenye asili ya Ulaya, na mara nyingi katika umri mdogo. Kwa hiyo habari hizi za Mainz na Baltimore zinatuhusu huku kwetu.

Kosa lililozeeka bila kufa

Otto Warburg wa Berlin aliona katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula glukosi kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata pale oksijeni ilipo ya kutosha. Hilo ni kweli, na picha za PET zinazotafuta saratani iliyosambaa leo zinategemea ulafi huo wa sukari. Nobeli yake ya 1931 ilikuwa ya jambo jingine, kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Lakini mpaka uzeeni alishikilia kwamba kuharibika kwa upumuaji wa seli ndicho chanzo cha saratani, na hapo alikosea: seli nyingi za saratani zinapumua vizuri tu.

Kosa hilo linakaribia umri wa miaka mia na bado lina afya njema. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu ukidai kwamba Warburg alipewa Nobeli kwa kuthibitisha kuwa saratani haiwezi kuishi penye oksijeni, na chini yake pana namba ya muuza maji ya alkali. Usimpigie. Saratani inaishi penye oksijeni, inaishi penye uhaba, na kama tutakavyoona, mahali inapofundwa kusafiri ni pale inapohamishwa kutoka hali moja kwenda nyingine.

Safari yenye vifo vingi kuliko zote

Saratani ya matiti iliyobaki ndani ya titi kwa kawaida haiui. Kinachoua ni kusambaa kwenda mifupani, kwenye mapafu, ini na ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huu na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake; katika nchi 157 kati ya 185 ndiyo saratani iliyoongoza kwa wanawake. Ukisikia takwimu hizo utadhani kusambaa ni kazi nyepesi.

Kwa seli moja moja ni kinyume kabisa. Mwaka 1970 Isaiah Fidler wa Marekani aliziwekea alama ya mionzi seli za melanoma, akazidunga kwenye mishipa ya panya na kuzifuatilia. Karibu zote zilikufa. Zilizofika mahali na kuota zilikuwa takribani moja kati ya elfu, au pungufu ya hapo. Damu ina mkondo unaopasua, ina askari wa kinga, na ina kitu ambacho mara chache hutajwa kama silaha: oksijeni. Seli iliyozoea milimita 10 au chini yake, ikitupwa ghafla kwenye damu ya ateri yenye karibu 100, inafurika molekuli haribifu za oksijeni zinazochoma mafuta ya utando wake na DNA yake. Kutoroka kwenye njaa kunaweza kuiua kwa shibe.

Sasa ni seli gani inayovuka? Kidokezo cha kwanza kilitoka Toronto 1988. Scott Young, Richard Hill na mwenzao waliziweka seli za saratani ya panya mahali pasipo oksijeni kwa saa kadhaa, wakazirudishia oksijeni, kisha wakazidunga kwenye damu ya panya wengine. Zile zilizonyimwa na kurudishiwa ziliotesha vivimbe vingi zaidi kwenye mapafu kuliko ambazo hazikuguswa. Mtu wa kawaida angetarajia seli iliyokabwa itoke ikiwa dhaifu. Ilitoka ikiwa mbaya zaidi.

Na ndani ya uvimbe, kukabwa na kuachiwa ni mambo ya kila saa. Mishipa inayojengwa na saratani ni mibovu: imepinda, inavuja, mingine inaishia ukutani, mingine inabanwa na seli zinazoongezeka kandokando. Damu inapita, inasita, inarudi, inapita tena. Mark Dewhirst wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipima kwa miaka mingi kupanda na kushuka huko kwa oksijeni katika uvimbe wa wanyama, wakakuta mizunguko ya dakika kadhaa, mingine ya saa nzima. Ukichoma elektrodi sehemu moja asubuhi na sehemu hiyo hiyo mchana, unaweza kupata majibu mawili yasiyofanana, yote sahihi. Kwa hiyo ile 10 ya Mainz ni kipimo cha kati cha kitu kisichotulia.

Jaribio ambalo ningelipa nafasi ya kwanza katika orodha hii nzima lilichapishwa Oktoba 2019, tena Johns Hopkins, wiki chache baada ya jina la Semenza kutangazwa Stockholm. Daniele Gilkes, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Semenza, pamoja na Inês Godet na wenzao walipambana na tatizo gumu. Seli iliyokosa oksijeni haina alama ya kudumu. Ikifika kwenye mapafu imeshapata hewa, protini zake za njaa zimeshavunjwa, na huwezi tena kujua ilitoka wapi ndani ya uvimbe. Basi wakazibadilisha jeni za seli za saratani ya matiti ya panya ili ziwe na rangi nyekundu, na zikionja uhaba mkali wa oksijeni hata mara moja zigeuke kijani, zibaki kijani, na uzao wake wote uwe wa kijani, hata ukiishi baadaye kwenye oksijeni tele. Uvimbe ukaachwa ukue. Kisha wakaenda kutafuta kijani katika damu na mapafu.

Za kijani zilikuwepo, na zilinusurika kwenye damu kuliko nyekundu. Zilipokabiliwa na zile molekuli haribifu za oksijeni, zilistahimili. Zilipotua kwenye mapafu zilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuotesha uvimbe mpya, na pale mapafuni, penye hewa nyingi kuliko kiungo chochote, bado zilikuwa zimewasha baadhi ya jeni za njaa. Watafiti waliita hali hiyo kumbukumbu ya uhaba. Kuna jambo jingine ndani ya makala hiyo ambalo halikupata vichwa vya habari: mpangilio wa jeni wa seli zilizokosa oksijeni ndani ya mnyama haukufanana na wa seli zilizokoseshwa oksijeni ndani ya sahani ya maabara. Hilo linatupeleka kwenye rekodi nyingine, fupi na ya aibu.

Hewa nyingi kuliko yote

Kabati la joto la kukuzia seli, lile la kawaida katika maabara nyingi, lina oksijeni ya asilimia 18 hadi 19, yaani milimita 140 hivi za zebaki. Kwa binadamu anayevuta hewa ya kawaida, karibu hakuna tishu ndani ya mwili inayoona kiwango hicho. Hata vifuko vya mapafu vina kama 100. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu tabia za seli za saratani ya matiti tumeyajifunza kwa seli zilizolelewa katika neema zisizokuwepo karibu popote mwilini.

Kundi dogo lenye madhara makubwa

Mwaka 2014 Nicola Aceto, wakati huo akiwa Boston, alionyesha na wenzake kwamba seli za saratani ya matiti zinazosafiri kwenye damu zikiwa zimeshikana vikundi ni asilimia 2 hadi 5 tu ya zinazokamatwa, lakini uwezo wa kikundi kuotesha uvimbe mpya ni mara 23 hadi 50 ya seli inayosafiri peke yake. Miaka 6 baadaye, akiwa Basel, kundi lake likauliza vikundi hivyo hutoka sehemu gani ya uvimbe. Vingi vilikuwa na alama za uhaba wa oksijeni. Seli za pekee, kwa sehemu kubwa, hazikuwa nazo. Seli zinazokosa hewa hushikana zaidi na wenzake, kisha zinang'oka pamoja.

Halafu wakafanya kitu ambacho kingemtia wazimu daktari yeyote wa zamani. Panya wengine waliwapa dawa inayozuia mishipa mipya: uvimbe ukanywea, lakini oksijeni ndani yake ikapungua zaidi, vikundi vikaongezeka kwenye damu na saratani ikasambaa. Wengine wakawapa kichocheo cha kuongeza mishipa: uvimbe ukanenepa, vikundi vikapungua sana, na kusambaa kukapungua pamoja navyo. Uvimbe mkubwa, hatari ndogo. Sijui matokeo mengine katika fani hii yanayokwenda kinyume na macho kiasi hicho. Ni ya panya, na hakuna anayependekeza kumnenepesha mgonjwa uvimbe wake. Lakini yanasaidia kuelewa anguko linalofuata.

Matumaini makubwa, anguko kubwa

Tarehe 18 Novemba 1971 Judah Folkman, daktari mpasuaji wa watoto mjini Boston, alichapisha wazo kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujiitia mishipa ya damu, na kwamba ukiizuia mishipa hiyo utauacha ukiwa mdogo. Alidharauliwa kwa miaka, kisha akaaminiwa mno. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara wa California alieleza protini ya VEGF, kiita-mishipa kikuu, na dawa ya kuizuia, bevacizumab, ikafuata. Folkman alifariki Januari 2008. Mwezi uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu bevacizumab kwa saratani ya matiti iliyosambaa, kwa sababu katika jaribio moja, ikichanganywa na paclitaxel, ilirefusha muda kabla ya ugonjwa kuendelea kutoka miezi 5.9 hadi 11.8.

Lakini wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha faida ndogo zaidi na madhara yale yale: shinikizo la damu, kutoka damu, kutoboka kwa utumbo. Wakati huo huo, mwaka 2009, makundi mawili yaliripoti kwamba panya waliozuiwa mishipa walipata saratani inayovamia na kusambaa zaidi. Kibali cha saratani ya matiti kilifutwa tarehe 18 Novemba 2011, miaka 40 kamili, siku kwa siku, tangu makala ya Folkman. Wanawake waliosimama mbele ya jopo la Marekani wakisema dawa ile ndiyo iliyowaweka hai hawakuwa wakidanganya. Kwa mgonjwa mmoja mmoja huwezi kujua. Ulaya iliiacha sokoni pamoja na paclitaxel.

Rakesh Jain, pia wa Boston, alikuwa ameshatoa hoja tangu 2001 kwamba lengo la kuua mishipa lilikosewa. Dawa hizo, kwa kipimo na muda sahihi, zifanye kazi ya kunyoosha mishipa mibovu ili damu ipite vizuri, oksijeni ifike na dawa nyingine zifike nayo. Ni hoja inayokubaliana na panya wa Basel. Ugumu wake ni kwamba dirisha la unyoofu huo ni fupi, kisha mishipa inakufa na uhaba unarudi.

Shamba linalopendwa kuliko yote

Stephen Paget wa London alipekua kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti na kuchapisha hesabu zake 1889. Saratani haikusambaa ovyo ovyo. Ilipendelea viungo fulani. Akasema mbegu hutawanyika kila upande, lakini huota tu penye udongo unaozifaa. Udongo wa saratani ya matiti, mara nyingi kuliko mwingine, ni mfupa.

Zaidi ya karne baadaye, 2014, watafiti wa Boston walipima oksijeni ndani ya uboho wa panya hai kwa miali ya leza. Uboho una mishipa ya damu kupita kiasi, lakini oksijeni yake ilikuwa chini ya milimita 32 kila mahali, na sehemu za ndani zilishuka hadi 9.9 hivi. Hiyo ni karibu sawa na ile 10 ya uvimbe wa Mainz. Seli iliyofundwa kwenye uhaba inapofika mfupani haikuti ugeni.

Tena huenda shamba limeshalimwa kabla haijafika. Mwaka 2006 Janine Erler na Amato Giaccia wa Stanford walionyesha kwamba uvimbe unaokosa oksijeni humwaga kimeng'enya cha LOX, kinachokaza nyuzi za kolajeni kati ya seli, na kwamba panya waliozuiwa LOX walipata kusambaa kidogo sana. Kazi za baadaye za Erler na wenzake ziliona LOX ikisafiri na damu kwenda kuandaa mapafu, na mwaka 2015, kwa saratani zisizo na kipokezi cha estrojeni, ikitoboa vishimo mfupani kabla seli hazijatua.

Usingizi mrefu kuliko wote

Uchambuzi wa wanawake 62,923 wenye saratani yenye kipokezi cha estrojeni, uliochapishwa 2017, uliwafuata waliomaliza miaka 5 ya dawa za homoni wakiwa salama. Kati ya mwaka wa 5 na wa 20, hatari ya ugonjwa kurudi sehemu nyingine ya mwili ilikuwa kati ya asilimia 10 na 41, kulingana na ukubwa wa uvimbe wa awali na tezi za limfu zilizokuwa zimeguswa. Miaka 20, seli zimelala mahali fulani. Mwaka huo huo kundi la Julio Aguirre-Ghiso, New York, lilionyesha kwa wanyama kwamba sehemu za uvimbe zenye uhaba wa oksijeni huzitoa seli zikiwa na jeni za kulala zimeshawashwa, na dawa za kemikali, ambazo hulenga seli zinazogawanyika, huzipita. Kwa hiyo uhaba ule ule huzaa wasafiri wenye pupa na wenye subira. Anayetaka maelezo yaliyonyooka atafute ugonjwa mwingine.

Bingwa asiye na manyoya

Rekodi moja ni ya nyumbani. Fuko asiye na manyoya anachimba mashimo katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, makumi ya wanyama wakipumua hewa ile ile chini ya ardhi. Mwaka 2017 Thomas Park wa Chicago, Gary Lewin wa Berlin na wenzao walitangaza kwamba fuko huyu anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni yoyote na kuamka bila dhara linaloonekana; ubongo na moyo wake huhamia kutumia fruktosi, sukari inayomruhusu kuendelea bila hewa. Panya wa kawaida angekufa upesi. Fuko huyo huishi zaidi ya miaka 30, na saratani kwake ni visa vya kuhesabika. Tabia zinazoigizwa na seli ya saratani, yeye anazo kihalali, mwili mzima, bila uvimbe. Uhaba peke yake, basi, hauna hatia yote.

Medali isiyo na mwenyewe

Dawa ya kuua seli zenye uhaba wa oksijeni katika saratani ya matiti bado haipo. Tirapazamine, iliyobuniwa iwe sumu pale tu oksijeni inapokosekana, haikufua dafu kwenye majaribio makubwa ya saratani nyingine. Evofosfamide ilianguka 2015. Denmaki inawapa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo nimorazole ili mionzi ifanye kazi, na kwao inasaidia. Belzutifan, inayozuia ndugu wa HIF-1 aitwaye HIF-2, iliruhusiwa Marekani 2021, lakini kwa ugonjwa wa von Hippel-Lindau, kisha saratani ya figo. Kwa titi, matokeo ninayoyapenda ni ya Duke, 2015: panya wenye saratani ya matiti waliowekewa gurudumu wakimbie walipata mishipa iliyonyooka zaidi ndani ya uvimbe, uhaba ukapungua, na dawa za kemikali zikafanya kazi vizuri zaidi.

Tatizo la kwanza ni kupima. Sindano ya Mainz haikuingia kliniki: inahitaji uvimbe unaofikika, mkono wenye uzoefu na mgonjwa mvumilivu, na inasoma wakati mmoja tu wa kitu kinachobadilika kila dakika. Ripoti ya maabara ambayo mwanamke anapewa leo baada ya kipande cha titi kuchunguzwa hutaja aina ya saratani, daraja lake, ukubwa, hali ya tezi za kwapani na vipokezi vitatu. Safu ya oksijeni haimo.